Kwa mdogo wangu anayetaka kusomea isimu

Mdogo wangu,

Nasikia huko nyumbani hakulaliki. Umepata alama nzuri za hesabu na fizikia, halafu unataka isimu, yaani uchunguzi wa lugha, na mama mdogo anaona umeitupa sayansi ukakimbilia mashairi. Naandika hadharani kwa sababu si yeye peke yake. Ukitaja isimu, swali la kwanza ni, "Kwani unajua lugha ngapi?"

Wewe anza kwenye stendi ya matatu. Soma vibao: Githurai, Gatundu, Gachie. Kisha soma Kandara, Karatina, Kirinyaga. Kiswahili kina kiti na kikombe, Kikuyu kina gĩtĩ na gĩkombe, lakini kĩrĩma, yaani mlima, kimebaki na k yake. Tazama konsonanti inayofuata. Ikiwa ni t, k, c (ile ch ya Gachie) au th, k ya mwanzo hugeuka ikawa g. Ikiwa ni r au nd, k haiguswi. Inaitwa Kanuni ya Dahl. Mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof aliitangaza mwaka 1903 na kuipa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyeiona katika Kinyamwezi, kule Tanzania ya leo.

Ulifundishwa sauti ghuna (nyuzi za sauti hutetema) na sighuna (hazitetemi) kidato cha kwanza, kwa hiyo utasema: k hugeuka ghuna mbele ya sighuna. Vizuri, ila sikiliza th ya Kikuyu. Inatamkwa kama dh ya dhahabu, na hiyo ni ghuna! Kwa maelezo yako k isingepaswa kuguswa, lakini Wakikuyu husema gũtheka, si kũtheka. Hapo una mawili: ama maelezo ni mabovu, ama th hiyo zamani ilikuwa sighuna. La pili linapimika. Kiswahili husema kucheka, na ch ni sighuna mpaka leo. Ukizidi kulinganisha lugha ndugu, unaona sauti ya asili ilikuwa sighuna. Kanuni ilifanya kazi, sauti ikabadilika baadaye, alama ikabaki. Hakuna aliyerekodi Kikuyu cha wakati huo, na bado tunajua. Dai lililokuwa tayari kuangushwa na neno moja la kawaida, mimi naliita sayansi.

Sisemi isimu yote iko hivyo. Wapo maprofesa wanaogombania sentensi moja kwa miaka, na sijaona mizani ya kuwaamua.

Kuhusu cheti, usihangaike sana. MIT, chuo kikuu cha Marekani alikofundisha mwanaisimu mashuhuri Noam Chomsky tangu 1955, shahada zote za kwanza ni za sayansi, isimu ikiwemo. Chuo Kikuu cha Georgetown, hukohuko Marekani, nacho hutoa shahada ya sayansi katika isimu. Hapa kwetu kwa kawaida utapewa Shahada ya Sanaa. Mawimbi ya sauti hayajui umesajiliwa kitivo gani. Pakua Praat, programu ya bure iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink, ujirekodi ukisema "pata" na "bata". Utaona kwa macho wapi nyuzi za sauti zinaanza kutetema, na utapima kwa milisekunde. Fizikia yako hiyo.

Mwambie mama mdogo ukweli kuhusu kazi: hakuna ofisi iliyoandikwa "Mwanaisimu" mlangoni. Kuna tiba ya usemi, ambayo utahitaji kuisomea zaidi, kuna kamusi, kuna kompyuta zinazofundishwa kusikia Kiswahili na Kinyarwanda. Kote huko anayejua takwimu na kuandika programu hutangulia, kwa hiyo hesabu usiiache. Jiandae pia kuchoka: saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa hula siku nzima ya unukuzi, wakati mwingine zaidi, na jogoo wa jirani huwika palepale penye neno unalolitafuta.

Kabla hujajaza fomu, uliza idara mambo haya: wana maabara ya fonetiki, yaani ya kuchunguza sauti za lugha? Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kuitumia? Takwimu inafundishwa mwaka gani? Wakijibu kwa kukupa kijitabu chenye picha za mahafali, nipigie, tutafute kwingine.