Malalamiko kuhusu kimulimuli cha dharura kwenye tochi zenu

Kikundi cha Wavuvi wa Dagaa,
Kilwa Kivinje,
Lindi.

Kwa Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KIMULIMULI NA SOS KATIKA TOCHI ZENU ZA KUCHAJI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa niaba ya wavuvi wa diko letu, yaani mahali tunapopakulia samaki. Msimu huu tulichangishana tukanunua katoni ya tochi zenu kwa wakala wenu wa Kariakoo, tukazigawa kwa manahodha. Mwanga wake hatuna ugomvi nao. Unafika mbali, tochi inashikika vizuri hata kwa mkono wenye mafuta ya samaki, na ule mpira wa kuzuia maji unafanya kazi yake. Ugomvi wetu uko kwenye swichi.

Swichi ni moja, nayo imebebeshwa mambo matano: mwanga mkali, wa kati, hafifu, kimulimuli cha kasi, kisha SOS, ile ishara ya kuomba msaada. Mbaya zaidi, ukiizima na kuiwasha tena haianzi mwanzo. Inaendelea na jambo linalofuata. Kwa hiyo mtu aliyewasha mwanga hafifu kuangalia petroli kwenye tangi, akazima, akija kuiwasha tena kutazama kamba ya nanga anapigwa na kimulimuli. Ili akiepuke lazima abonyeze tena, apite kwenye SOS, apite kwenye mwanga mkali unaomulika wenzake machoni, ndipo ateremke anakotaka. Usiku baharini macho ni mali. Yakishazoea giza, mwanga mkali wa ghafla unayaharibu, na huchukua kama nusu saa kurudi yalivyokuwa. Nahodha aliyepofuka kwa muda huo, jirani na mwamba, mnaweza kukisia hali yake.

Nilipopiga simu ofisini kwenu, kijana wa huduma kwa wateja alinijibu kwa adabu kabisa kwamba hizo ni faida za ziada, hatukutozwa hata shilingi kwa ajili yake, na wateja wengine wanazipenda. Wanaozipenda nawajua. Wa kwanza ni muuzaji anayeionyesha tochi dukani mchana kweupe, wa pili ni mtoto aliyeipata mezani baba yake akiwa amelala. Namkubalia jambo moja: mwendesha baiskeli anayepita katikati ya magari jioni anaweza kufaidika na taa inayopepesa. Na kimulimuli cha kasi kwenye tochi za askari kina maana yake, kumvuruga macho anayekushambulia. Sisi tunavua dagaa. Wa kumvuruga macho kule majini ni mwenzangu anayeshika usukani.

Labda hamkujua kwamba kwa vyombo vidogo tochi si kitu cha kubeba ukipenda. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, zinasema chombo cha tanga kisichofika mita 7, kama hakiwezi kuwasha taa zake za kawaida, kiwe na tochi au fanusi ya mwanga mweupe karibu na mkono, ionyeshwe mapema kabla ya kugongana. Ngalawa zetu nyingi ziko humo. Hapa nje zinapita meli za mizigo zinazokwenda na kutoka Mtwara, na aliye juu ya meli anachotazamia kuona ni mwanga mweupe uliotulia. Anayebonyeza kwa haraka huku meli inamjia hana muda wa kuzunguka mambo matano. Kanuni hizo hizo, ile ya 36, zinaagiza kwamba taa kali za kupepesa ziepukwe pale chombo kinapotaka kujulisha wengine kuwa kipo. Yaani hicho mlichokiweka kwenye swichi yetu ndicho kilichotajwa kwamba kiepukwe.

Sasa nije kwenye neno dharura, maana kwenye boksi mmeliandika kwa herufi kubwa. Sisemi taa ya kupepesa haina kazi kwenye ajali ya baharini. Inayo, na waliolifikiria jambo hilo waliweka kipimo. Taa ya jaketi la kuokolea maisha la meli za kimataifa, kama ni ya kupepesa, inatakiwa iwake kati ya mara 50 na 70 kwa dakika, na idumu saa 8. Hiyo ni kama mara moja kwa sekunde, taratibu, ili anayekutafuta ajue uko wapi na ageuzie chombo huko. Ya kwenu inatetemeka mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ukiitazama kutoka mbali huwezi kukadiria umbali wake, na ukiitazama kutoka karibu inakutia kizunguzungu. Mtu wa kufa maji haimsaidii, na aliye salama inamkera.

SOS ni kisa kingine, na ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Ishara hiyo ilikubaliwa kimataifa mjini Berlin mwaka 1906 na ikaanza kutumika mwaka 1908, wakati wa simu za upepo. Meli kubwa zilikwishaachana na kusikiliza ishara za Morse, zile za milio mifupi na mirefu, tangu 1999, zina setilaiti. Lakini kwetu, ambako boti nyingi hazina hata redio, bado ina thamani. Hakuna diko ambalo watu hawaijui: tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi. Na kanuni nilizozitaja bado zinaihesabu kuwa ishara ya hatari kwa njia yoyote itakayotumwa, na zinakataza kuitumia pasipo hatari. Tochi yenu inatuvunjisha kanuni hiyo kila usiku.

Siku za giza, yaani zile ambazo mwezi hauonekani, boti zetu hutega karibu karibu, taa za kuvutia dagaa zikiwaka kila upande. Mwanzoni mwa msimu nahodha mmoja aliiona SOS upande wa kusini, akaacha wavu wake majini, akawasha mashine, akaenda mbio. Akawakuta wenzake wanakula ugali. Kijana wa omo, yaani mbele ya chombo, alikuwa anatafuta mwanga hafifu ili aone bakuli la mchuzi. Wavu aliouacha ulichukuliwa na mkondo ukanasa kwenye mwamba, na kuutengeneza kulimla faida ya giza zima. Hakumgombeza mtu, alicheka tu. Mara ya pili mwingine akaenda, akarudi na matusi. Giza lililofuata hakuna aliyegeuza shingo. Ikionekana, watu wanasema "tochi hiyo," wanaendelea kuvuta. Adhana ikisomwa kila nusu saa, nani ataijua alfajiri?

Ndipo boti ya wenzetu ikazimika mashine nje ya mwamba, mkondo ukaibeba. Walituma SOS kwa tochi yenu, safari hii kwa makusudi, mpaka betri ikachoka. Walioiona walikuwepo. Nimezungumza nao mwenyewe, na kila mmoja alinipa jibu lile lile, tena kwa aibu ambayo sikuona kwa nini waibebe wao. Wale wa boti iliyozimika waliokotwa mchana na jahazi lililokuwa likitoka Mafia, wote wazima, alhamdulillahi, midomo imepasuka kwa jua na chumvi.

Tochi ile haikuwa mbovu, Ndugu Meneja. Iliwaka sawasawa na maelezo yenu. Lakini ishara ambayo mabaharia wa dunia nzima waliilinda kwa zaidi ya miaka mia, kwenye diko letu imeuawa ndani ya msimu mmoja na swichi isiyo na adabu. Ndiyo maana sikubaliani na neno "ziada". Kitu kinachoondoa hakiitwi ziada.

Nyumbani nako kuna malalamiko, nitayapitia haraka. Akina mama wanaoamka usiku kunyonyesha wanalalamika kimulimuli kinawaamsha watoto. La uzito zaidi ni kifafa. Si wagonjwa wote wa kifafa wanaodhurika na taa ya kupepesa, ni wachache kati yao, lakini kwa hao wachache mwanga unaopepesa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio unaoogopewa. Huko Japani mwezi Desemba 1997 katuni moja ya televisheni ilionyesha mimweko ya namna hiyo, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali jioni moja. Mimi si daktari. Nasema tu kwamba kwenye boksi lenu hakuna onyo hata la mstari mmoja, na maelezo yote ni ya Kichina na Kiingereza.

Tunachoomba si kikubwa. Fundi simu wetu aliifungua moja ya tochi hizo akatuonyesha kibati cha saketi chenye kichipu; mpangilio wote wa swichi umeandikwa humo kiwandani. Hakuna waya wa kuongeza wala kioo cha kubadilisha. Mwambieni anayewatengenezea kwamba kubonyeza kwa kawaida kulete mwanga wa kawaida tu, na kuanze na hafifu kabla ya mkali. SOS ibaki, sisi hatutaki ifutwe, ila iwe ya mtu anayeidhamiria: ashikilie swichi sekunde kadhaa ndipo ije. Kimulimuli cha kasi mkitaka mkiondoe moja kwa moja. Mkiona hamuwezi kukiondoa, kificheni nyuma ya SOS, na kama mna moyo kipunguzeni mwendo kifikie ule wa taa za majaketi. Na maelezo ya Kiswahili yawekwe ndani ya boksi, ukurasa mmoja unatosha.

Kwa tochi tulizo nazo, tunaomba zibadilishwe kwa zile zenu za zamani zenye swichi ya kuwasha na kuzima basi, ambazo wakala wenu anasema bado zipo stoo. Tuko tayari kupokea hata kama bei yake ni ndogo, bila kudai tofauti. Risiti tunayo.

Juu ya betri, ambayo mmeiandika 9800 mAh wakati betri za umbo hilo la 18650, hata zilizo bora, huzungukia 3500, nitawaandikia barua yake.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, nakala ya barua hii itapelekwa Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani, pamoja na tochi moja, ili nao wajaribu kuiwasha gizani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
kwa niaba ya manahodha na wavuvi wa kikundi