Fani ya shairi isitenganishwe na maudhui yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna ushairi unavyofundishwa na kutahiniwa. Mwanafunzi akiambiwa achambue shairi, mara nyingi huigawa kazi yake mafungu mawili: kwanza huorodhesha dhamira, kisha huhesabu beti, mishororo, vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (silabi za kila mshororo), akamaliza kwa kutaja bahari, yaani aina ya shairi. Hesabu yake huenda ikawa sahihi kabisa, lakini hakuna mahali alipotakiwa kueleza jinsi umbo lile, yaani fani, lilivyobeba ujumbe ule, yaani maudhui.

Chukua suala la uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za kawaida za lugha. Mwanafunzi akikuta mshororo unaosema “changu kibanda” badala ya “kibanda changu”, hujibu bila kusita kwamba mshairi ameboronga sarufi ili atosheleze mizani, na mara nyingi hupewa alama. Hebu ahesabu: mipangilio yote miwili ina mizani mitano. Sababu basi haiwezi kuwa mizani. Huenda ni kina, iwapo mishororo mingine inaishia kwa “nda”. Huenda pia mshairi alitaka umiliki utangulie, hasa ikiwa shairi linahusu mtu anayenyang’anywa makazi. Hapo ndipo fani na maudhui hukutana, na hapo ndipo jibu la kukariri humwangusha mwanafunzi.

Kibwagizo nacho huelezwa kwa sentensi moja tu, kwamba husisitiza ujumbe. Ni kweli, ila maneno yale yale yakirudi baada ya kila ubeti hayarudi na uzito ule ule, kwa kuwa msomaji ameshasikia jambo jipya katikati. Yaliyokuwa ombi katika ubeti wa kwanza yaweza kuwa kejeli katika ubeti wa mwisho. Vivyo hivyo kuhusu nafsinenewa, yaani yule anayesemeshwa katika shairi. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe kuhusu upitaji wa dunia, na magofu ya mji wa kale wa Pate yamewekwa mbele ya moyo huo kama ushahidi. Anayeandika kwamba “mshairi anaionya jamii” hajakosea sana, lakini ameruka uamuzi mkubwa wa kifani unaolifanya onyo hilo lisiwe hotuba.

Sidharau kanuni. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi kingali na manufaa, na mwanafunzi asiyejua vina hawezi kutambua vinapovunjwa kwa makusudi. Ndiyo maana shairi huru, lisilofuata vina na mizani, halistahili kuelezwa kwa kutaja tu yale lisilokuwa nayo. Mshororo wa neno moja uliosimama peke yake una kazi, nayo inaweza kuulizwa.

Ombi langu kwa watunga mitihani ni dogo: swali la idadi ya mizani lifuatwe na swali la athari yake katika shairi hilo hilo, na mwongozo wa kusahihisha umruhusu msahihishaji kutoa alama kwa tafsiri isiyomo katika orodha yake, mradi mtahiniwa ameithibitisha kwa mishororo aliyoinukuu. Wasahihishaji watachukua muda zaidi kwa kila karatasi, nalo hilo lipangiwe mapema.

Mwalimu wa Fasihi ya Kiswahili