Barua kwa Mwanangu Aliyewafungia Dagaa Sandukuni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku Kibirizi, Kigoma, hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba yako kikohozi kimemwachia. Mdogo wako anakusalimu na anakumbushia ile simu yako ya zamani uliyomwahidi. Nimemwambia aachane nayo, lakini unamjua, akishaahidiwa hasahau.

Nimepata nafasi ya kuandika kwa sababu ni mbalamwezi. Unajua mwenyewe, mwezi ukishapevuka taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inavutwa juu na sisi wa vichanjani, tunaoanika dagaa, tunanyoosha migongo. Mpaka giza lirudi nina siku kadhaa za kukaa chini kama binadamu. Na kalamu nimeitaka kwa makusudi, maana kwenye simu nikikutumia maneno marefu unanijibu "sawa mama" na kile kikatuni cha moyo, nabaki sijui umesoma au umepita tu.

Ile sauti uliyotuma Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, mashine za mitumbwi zikanifunika. Ya pili pamoja na baba yako. Ya tatu peke yangu, usiku.

Umesema upepo wa Dodoma unakuamsha ukidhani ziwa limechafuka, ukifungua dirisha unakuta vumbi. Hapo baba yako alicheka, mimi sikucheka. Umesema ukumbi wa mihadhara unaingiza watu wengi kuliko shule yenu yote ya msingi, na mwalimu ukimtazama kutoka nyuma ni kama mtu aliyeko mtumbwini katikati ya maji. Umeshajifunza na maneno ya wasomi: bumu, yaani hela ya mkopo, limeingia; fulani kapata sapu, anarudia mtihani; fulani kadisko, kaondolewa chuo. Hayo mawili ya mwisho naomba uyajue kwa kuyasikia tu. Na chuo kisikutishe kwa ukubwa, kwa umri ni mdogo wako. Kilianza mwaka 2007, wewe ukiwa na miaka miwili, unaburuta sufuria langu kwa kamba hapa uani ukisema ni gari.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni yale mazungumzo yenu ya usiku, wasichana wanne chumba kimoja, kila mmoja anataja vitu alivyovipenda utotoni. Wa Pemba akataja mkate wa kumimina, wa Tukuyu ndizi za kuchoma, wa tatu sikumsikia vizuri. Zamu yako ukataja vinne: honi ya meli ya Liemba, maembe ya Ujiji, kugonga mise (zile kokwa za chikichi) chini ya mchikichi, na sombe, yaani kisamvu, la bibi. Ukasema ulikaribia kulia.

Mwanangu, mimi nilikuwepo. Ngoja nikukumbushe ulivyovipenda.

Honi ya Liemba uliichukia. Meli ikiingia bandarini ikapiga tu, wewe uko chini ya kitanda na kanga yangu kichwani, na hutoki mpaka bibi yako aseme "imeshalala." Baba yako alijaribu kukusimulia habari zake ili uizoee. Kwamba Wajerumani waliiunda kwao mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande wakaipanga kwenye masanduku, ikavuka bahari, ikapanda treni mpaka hapa Kigoma. Kwamba mwaka 1916 vita ilipowazidi waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, mitambo wameipaka grisi, ikalala chini ya maji mpaka ilipoibuliwa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Alidhani utaipenda, maskini. Wewe ulishika neno moja tu: ilizama ikatoka. Kuanzia siku hiyo hukuiita meli tena, uliiita mzuka.

Kilichokubadilisha ni Mei 2015. Ulikuwa na miaka kumi. Liemba ilikuwa inakwenda Kagunga, kule mpakani, kuwachukua Warundi waliokimbia, inarudi imejaa, inawashusha, inakwenda tena. Watu wanapelekwa kwanza Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Jioni moja honi ikapiga, nikainama chini ya kitanda kukuita, haupo. Nikakukuta umesimama barabarani unatazama watu wanavyopita, akina mama wana watoto mgongoni na sufuria kichwani, na wewe miguu mitupu. Kandambili zako sikuziona tena. Sikuuliza. Tangu hapo hukuingia tena chini ya kitanda.

Sasa meli yenyewe imelala kwa matengenezo, miaka inapita haijapiga honi, na wewe uko Dodoma unaililia. Haya. Ila ukiwasimulia wenzako, anzia chini ya kitanda.

Maembe ya Ujiji ni kweli, uliyapenda kupita kiasi. Shule iliwapeleka kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, mwalimu akataka insha. Niliisoma insha yako: mistari miwili ya Livingstone, ukurasa mzima wa maembe. Ulirudi na sketi ina utomvu ambao jiki haikuutoa, nikaichana ikawa dekio. Mise nako ulijigonga kidole gumba, kucha ikang'oka, hukugonga tena. Basi.

Sombe la bibi hapo sikukatalii. Ila ulilipenda likiwa na dagaa ndani. Ulikuwa unawachambua mmoja mmoja, unawapanga ukingoni mwa sahani kama askari wa gwaride, unamaliza sombe na ugali wote, ndipo unawala wao mwisho, polepole, kama mtoto mwenzako anavyokula peremende. Bibi yako alikuwa anakuongezea wa kwake akijifanya amewatema.

Ndiyo maana nilishtuka sauti ilipofika mwisho. Ulisema upesi upesi, kama kitu kisicho na uzito, kwamba wale dagaa niliokufungia umewaweka sandukuni chini ya sweta na umepiga kufuli, kwa sababu siku ulipofungua mfuko mwenzako mmoja aliziba pua akauliza nani amehamishia mwalo chumbani. Ukacheka. Nakujua ukicheka hivyo.

Wale dagaa sikuwanunua kwa mtu. Niliwapata wa mtumbwi wa kwanza, alfajiri, nikawamwaga juu ya wavu wa kichanja kabla jua halijapanda, nikawageuza saa tano, na kufika saa tisa mchana ukimkunja mmoja anakatika, tumbo linang'aa kama bati jipya. Dagaa wa siku moja. Akishalala hadi kesho yake, au wingu likimkuta hajakauka, anapoteza ule mng'ao, anageuka njano, na huyo ndiye anayenuka. Wako hawanuki, wananukia. Lakini wakikaa kwenye sanduku lililofungwa, na sweta juu, mwezi mzima, watanuka tu. Hata wewe ungefungiwa humo ungenuka.

Sikulaumu. Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Nimezunguka kwa sababu jambo hili sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako.

Mwaka 1994 nilikwenda kidato cha kwanza, bweni, Tabora. Bibi yako alinipa chupa ya mawese aliyoyatengeneza mwenyewe. Alichemsha chikichi, akatwanga, akakamua kwa mikono mpaka viganja vikawa vya rangi ile siku mbili, akaizungushia chupa vitambaa isivunjike kwenye treni. Wiki ya pili, chakula cha mchana, msichana mmoja akaona maharage yangu yamekuwa mekundu, akauliza mbele ya meza nzima kama sisi wa mwisho wa reli huwa tunakula grisi ya mabehewa. Meza ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote.

Usiku nikaichukua ile chupa nikaenda nyuma ya mabafu nikaimwaga yote. Nilidhani mchanga utayanywa, asubuhi pasiwe na kitu. Mawese hayaishi hivyo. Kulipokucha palikuwa na doa la ukubwa wa sinia, sisimizi wamejipanga kama wanagawiwa posho, na matroni anaulizia ile ni damu ya nini. Nikasimama naye pale nikashangaa pamoja naye. Kuoga nilipita hapo kila siku. Muhula ulikwisha doa lipo.

Bibi yako hakujua kuandika, aliandikiwa. Barua ikaja: mafuta yalitosha? Nikajibu yalitosha, na wenzangu waliyapenda sana. Basi likizo ilipokwisha akanipa chupa mbili. "Hii yako," akasema, "na hii ya wenzio, kwa kuwa wameyapenda."

Nilizibana katikati ya miguu kutoka hapa, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, mpaka Tabora, usiku kucha sikusinzia. Ile ya wenzangu niliiweka mezani siku ya kwanza bila kusema neno. Yule msichana hakuigusa, na mpaka tunamaliza shule hatukuwa marafiki. Mtu mmoja tu alisogea, binti wa Kasulu aliyekuwa anakaa meza ya nyuma, akaja na sahani yake, akamimina, akarudi alikotoka. Kesho yake akaja tena. Yeye na mimi ndio tuliozimaliza chupa zote mbili. Bibi yako alifariki akiamini meza nzima ilikula.

Tuendelee na mengine.

Kuhusu hela usinidanganye kwamba bumu linatosha na linabaki. Likizo yako ya Juni 2024 uliona mwenyewe, Serikali ilipofunga ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane: vichanja vitupu, mwaloni kimya mpaka unasikia kunguru, nikakaanga maandazi, na hakuna aliyelala njaa. Sasa ziwa liko wazi. Ukipungukiwa sema, usingoje mpaka ukope kwa watu.

Barua hii umeikuta ndani ya ndoo, kwa hiyo ndoo umeshaipokea kwa yule mama mwenzangu wa mwaloni anayepita hapo kwa treni kwenda Dar. Kwa basi ingefika haraka, lakini makonda wananuna wakisikia mzigo wangu, na mimi kununiwa na kijana niliyelingana na mama yake siwezi. Natumaini ulikumbuka kwenda stesheni ya zamani na siyo ile ya treni ya umeme, na natumaini ulipiga simu kwanza, maana treni yetu ina ratiba yake na ina hiari yake.

Humo ndani, juu kabisa ni samaki, migebuka sita ya moshi, imefungwa kwenye gazeti. Uwale mapema, wasisubiri. Chini yake unga wa muhogo. Chupa mbili za mawese zimesimama, vifuniko nimeviziba kwa nailoni. Usiilaze ndoo. Dagaa wako chini, na nimewagawa pakiti nne. Moja yako, tatu za wenzako. Yule aliyeziba pua naye ana yake. Asipoitaka usimlazimishe na usiichukue, iache hapo mezani iwe yake.

Kupika, nakujua utasahau. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu, wachuje, kisha wakaange kwenye sufuria kavu bila mafuta mpaka waanze kulia. Ndipo utie mafuta, kitunguu, nyanya, pilipili, na limau mwishoni kabisa ukishaepua. Kama bweni haliruhusu jiko, usivunje sheria za watu. Mwombe yule mama lishe uliyesema anawauzia wali akupikie, mpe kikombe kimoja cha dagaa kiwe ujira wake. Na lile sanduku ulilowafungia wale wa kwanza lianike juani, wazi, siku nzima. Jua la Dodoma sifa zake tunazisikia huku.

Ndoo naitaka. Huyo mama anarudi Kigoma baada ya wiki mbili na atapita tena hapo stesheni, mpelekee. Giza likirudi ninayo moja tu, na hii yako ndiyo isiyovuja.

Mama yako

Nimesahau. Zile kandambili za 2015, ulimpa nani?