Kompyuta zetu zina Linux, kosa lilikuwa kwenye waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizisemee kompyuta zinazokaa zimefunikwa vitambaa mashuleni. Ninafundisha Biolojia sekondari hapa Ujiji, Kigoma. Tulipewa kompyuta mpakato kumi zenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, toleo la Ubuntu 20.04. Siku ya kwanza kuunganisha projekta, ukutani hapakutokea kitu, na wanafunzi wa kidato cha tatu wamekaa wanasubiri kuuona moyo wa binadamu. Fundi tuliyemwita akatuambia Linux haipatani na projekta, tufute zote atuwekee Windows, shilingi elfu thelathini kila moja. Walimu wakaanza kuchangishana. Mimi nikaomba nipewe wiki moja.

Nilifungua dirisha la amri nikaandika neno moja: xrandr. Amri hiyo hutaja matundu yote ya picha na kilichochomekwa humo. Majibu yakaja kwamba tundu la VGA-1, yaani la waya wa picha unaokwenda kwenye projekta, halina kitu, na waya nimeuchomeka mwenyewe, skrubu nimezikaza! Nikauchomoa, nikautazama mwangani. Kichwa cha waya wa VGA kina nafasi 15 za pini, safu tatu. Safu ya tatu ya wetu ilikuwa na mapengo mawili, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Zilikosekana namba 12 na 15, na hizo ndizo njia ambazo projekta hupitisha taarifa zake: ni ya aina gani, inapokea picha ya ukubwa gani. Bila hizo kompyuta inaweza kushindwa kujua kuna projekta upande wa pili.

Nikanunua waya mwingine pale Mwanga, wenye pini hizo. VGA-1 ikaonekana. Picha ilikuwa bado inakatwa pembeni, kwa sababu kioo cha kompyuta kina nukta 1366x768 na projekta yetu 1024x768, ndipo nikaandika hivi, pande zote mbili zilingane:

xrandr --output LVDS-1 --mode 1024x768 --output VGA-1 --mode 1024x768 --same-as LVDS-1

LVDS-1 ni kioo cha kompyuta yenyewe. Kwako jina laweza kuwa jingine, litazame kwenye orodha. Moyo ukakaa ukutani mzima, vyumba vyote vinne.

Siku hizi siweki tena picha moja pande zote mbili. Badala ya --same-as naandika --right-of, ukuta unakuwa kioo cha pili. LibreOffice Impress, programu ya kuonyesha slaidi, inawaonyesha wanafunzi mchoro, mimi kwenye kioo changu nabaki na maelezo yangu, saa, na ukurasa unaofuata. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya themanini darasani, asiyeweza kuwapa kisogo hata dakika moja, huu ni msaada mkubwa mno. Anayeogopa amri abonyeze kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na P, achague picha ikae vipi.

Ombi langu ni kwa wanaotuletea kompyuta hizi, nao tunawashukuru kwa dhati. Pimeni waya pamoja na projekta kabla ya kukabidhi, na mtuachie karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili. Na walimu wenzangu wa Kasulu, Kibondo na Uvinza ambao mmeshaambiwa mfute, kabla hamjatoa hela, chomoeni waya mhesabu pini za safu ya tatu. Kwa kawaida huwa tano, na namba 12 na 15 hazitakiwi kukosekana.

Mwalimu wa Biolojia,
Ujiji, Kigoma