Yah: Malalamiko kuhusu jengo lenu la Kariakoo na mlivyomfanyia mama yetu

Kwa Uongozi wa Kampuni,

Habari za kazi. Naandika kwa niaba ya mama na ndugu zangu wanne. Mkataba wa ubia, wa sisi kutoa kiwanja na nyie kujenga ghorofa mtugawie sehemu yetu, mnao, mwanasheria wenu ndiye aliyeuandika, kwa hiyo sina haja ya kuwasomea vifungu, naingia moja kwa moja kwenye kilichonifanya nikae chini niandike, maana nimejaribu kuvumilia nimeshindwa.

Jumanne ya wiki iliyopita mama alikuja kwenye ofisi yenu ya mauzo pale chini ya jengo. Alitoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi kwa daladala, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, mimi nilikuwa naye. Alikuja kuuliza kitu kimoja tu, kodi ya nyumba mliyompangishia mtailipa lini. Tukaambiwa tusubiri. Viti vya wageni ni viwili na vyote vilikuwa na maboksi ya vipeperushi juu, hakuna aliyehangaika kuyatoa. Basi mama akasogea kwenye lile sanduku la kioo lenye mfano wa jengo, lile lenye vitaa vinawaka ndani na vigari na miti ya plastiki, akaweka kidole kwenye kioo usawa wa ghorofa ya pili akaniuliza, "chetu ni hiki?" Sijajibu, dada wa mauzo akanyanyuka, akachomoa tishu, akafuta kioo palepale mama alipogusa, mama mwenyewe bado kasimama na kidole hajakishusha. Akamwambia, "Bibi, naomba usishike hapo, wateja wanakuja."

Hata shikamoo hakutoa.

Sasa naomba niwakumbushe huyo bibi ni nani kwenye kile kiwanja. Nyumba mliyoivunja Agosti 2022 aliijenga babu, ya vyumba sita na uani, baba akarithi, baba alipofariki mama akawa msimamizi wa mirathi. Pale mlipoweka jenereta ndipo lilipokuwa jiko la uani na karo la maji, watoto wote watano tumeogeshwa hapo. Bila sahihi ya mama msingi wenu usingechimbwa hata futi moja, na mnalijua hilo vizuri kwa sababu mwaka 2022 mlikuwa mnampigia simu asubuhi na jioni, mnamletea sukari na mchele, mnamwita mama mzazi.

Na alikubali kwa nini? Machi 2022 aliona kwenye taarifa ya habari Rais anazindua ghorofa za Magomeni Kota, zile za kaya 644 ambazo zilivunjiwa zikahangaika miaka kwenye nyumba za kupanga, akaona wenzake wanapewa funguo, akalia. Mtu wenu alipokuja nyumbani akalitumia hilohilo, "mama umeona Magomeni? wewe hutasubiri kama wao, miezi 30 tu." Miezi 30 toka Agosti 2022 ni Februari 2025. Leo tuko Januari 2026 na ngazi za ghorofa ya tatu kwenda juu hazina hata vishikio.

Kodi mlilipa mpaka Aprili 2025 mkanyamaza. Laki nne kwa miezi tisa ni milioni tatu na laki sita, na mwenye nyumba wa Mbagala hajui mambo ya ubia wala mkopo wenu wa benki, anachojua ni mwisho wa mwezi, amekuja kugonga mlango mara tatu na mara ya tatu alikuja na mjumbe, majirani wanaangalia. Tumewapigia, meneja yuko kikao, meneja kasafiri, meneja atawapigia. Mimi na kaka ndio tunachanga, na kaka ni fundi gereji, ana wanawe.

Halafu kuna fremu za maduka. Mkataba unasema fremu mbili za mbele ni za familia, zile zinazotazama barabara. Wiki mbili kabla ya hiyo Jumanne nilipita pale nikakuta jamaa anapima kuweka shata, nikamuuliza akaniambia hiyo fremu ameshaitolea kilemba, yaani pesa ya kuingilia, ofisini kwenu, na kiasi alichonitajia sitakiandika hapa maana kiliniumiza kichwa. Mnapokeaje kilemba kwa fremu ambayo sio yenu? Na apatimenti zetu tatu za ghorofa ya pili, ambazo tuliomba ghorofa ya pili kwa ajili ya magoti ya mama na mkakubali kwa maandishi, sasa hivi tunasikia zimehamishiwa ghorofa ya tisa upande wa nyuma. Ghorofa ya tisa! Mkataba wenyewe ulikuwa wa jengo la ghorofa nane, hiyo ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja zimetoka wapi, kibali chake kiko wapi?

Hapa sitanii. Mjini hapahapa, Mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 liliporomoka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 likaua watu 36, na habari zilizotoka baada ya pale ni kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi za kwenye kibali. Novemba 16, 2024 likaanguka lingine Kariakoo kwetu, watu wanapigiana simu wakiwa chini ya kifusi, na waliokuwa pale walisema kulikuwa kunachimbwa chini kuongeza nafasi ya biashara. Siku ile mama alinipigia simu mara sita akidhani ni letu. Na nyie mmechimba chini maduka ambayo hayamo kwenye mchoro tuliosaini. Sijasema jengo lenu ni bovu, mimi sio injinia. Nasema tuonyesheni kibali cha hizo ghorofa tatu na cha hilo shimo, ni haki yetu maana ardhi ni yetu.

Narudi Jumanne, kwa sababu kuna kitu nimekiruka, kila nikifika hapo mkono unatetemeka. Dada alipofuta kile kioo hakuishia hapo. Alifuta mara mbili, akainama akaangalia kama kimetakata, akaikunja ile tishu akaitupa kwenye ndoo ya taka mbele ya miguu ya mama. Dakika hiyohiyo wakaingia mtu na mkewe, wateja wenu. Mlinzi akakimbia, akayatoa yale maboksi kwenye viti, yale yale, wakakalishwa, wakapewa maji ya chupa, na mwanaume akagonga kile kioo kwa pete yake akionyesha ghorofa anayoitaka, wala hakuna aliyemwambia asishike. Ghorofa ya pili. Mama amesimama pembeni ameshika bahasha yake ya kaki yenye nakala ya mkataba, anasikia apatimenti yake inatajiwa bei. Meneja alichungulia mlangoni, akatuona, akafunga mlango. Kwenye daladala tunarudi mama hakuongea mpaka tunafika Mtoni, hapo ndipo akaangalia kiganja chake akaniambia, "mbona nilinawa."

Mimi nina miaka 44, nimekaa kwenye daladala nalia watu wananiangalia.

Kwa hiyo mwanzoni nilitaka kuwaomba mambo mawili, mlipe kodi ya miezi tisa na mtupe tarehe ya kukabidhi. Sasa sio ombi tena. Kodi yote ilipwe na iendelee kulipwa kila mwezi mpaka siku mama atakapoingia kwake. Apatimenti zirudi ghorofa ya pili kama tulivyosaini na huyo mtu atolewe kwenye fremu zetu za mbele, kilemba chake mrudishieni wenyewe. Mama aombwe radhi na meneja mwenyewe, palepale kwenye kile kioo, sio kwa simu na sio kwa kutuma kijana na mfuko wa sukari. Na mtuonyeshe mmefikia wapi na hati za hizo sehemu tatu, Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ipo toka 2008, msijifanye ni jambo geni.

Nawapa siku 14 toka mnaposaini kupokea barua hii. Ikipita siku ya 14, ya 15 asubuhi niko kwa Msajili wa Hati kuweka zuio, maana hati ya kiwanja bado ina jina la marehemu baba yetu na hao mnaowauzia nadhani hamjawaambia. Nakala za mkataba na picha za ghorofa zilizozidi zitaenda Jiji na Bodi ya Makandarasi, na kesi tutaifungua Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, tumeshaongea na wakili. Na kabla ya hapo kila mteja atakayeingia kwenye ile ofisi atanikuta nje mlangoni nina ile bahasha ya kaki, nitamuonyesha mkataba ukurasa kwa ukurasa, nimeshaomba likizo kazini.

Namba yangu mnayo, ni ileile mliyokuwa mnaipiga usiku mlipokuwa mnaitafuta sahihi ya mama.

Wenu,
Mtoto wa pili, kwa niaba ya familia