Barua ya wazi kwa washambuliaji wa ndondo za Temeke

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu zimenifikia, marahaba. Juzi baada ya mazoezi niliwasikia mkibishana chini ya mwembe: bao la mshambuliaji wetu Mbwana Samatta la Anfield, uwanja wa Liverpool, na lile la Wembley, London, lipi tamu? Nilinyamaza, maana ninalolipenda mimi hamkulitaja. Lilifungwa Lubumbashi, Kongo.

Mbwana, mtoto wa Mbagala, aliondoka Simba mwaka 2011 akiwa na miaka 18. TP Mazembe wa Lubumbashi walikutana naye uwanjani kwenye mechi za Afrika, wakamtaka. Akakaa kwao zaidi ya miaka minne. Ninyi mkianzia benchi mechi mbili mnatafuta timu nyingine! Kule Kiswahili alikikuta sokoni, lakini aliikuta pia timu iliyotoka kucheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter, namba haitolewi kwa kuoneana huruma. Mwaka 2015 wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, yeye akifunga mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria; la marudiano pale Lubumbashi ndilo bao langu. Januari 2016 akatajwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Ndipo Genk ya Ubelgiji wakaja.

Kwa hiyo Ulaya aliingia akiwa na miaka 23, mwili umekomaa, mabao yakimtangulia. Msimu wa 2018/19 alifunga 23 kwenye ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji.

Aston Villa wakamnunua Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga mechi yake ya kwanza ya ligi pale Bournemouth, akafunga na fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ndilo lile la Wembley. Kwenye ligi hakupata jingine. Septemba alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo, na vijiweni kwetu walishamzika. Mwaka 2024 huyo marehemu wao akawa bingwa wa Ugiriki na PAOK, akiwa na miaka 31.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nasikia kuna anayepita majumbani akiahidi majaribio Ulaya, mzazi atangulize hela. Niliwahi kuwa na winga, mguu wa kushoto mtamu kama sukari guru. Baba yake aliuza kiwanja. Kijana aliishia hotelini kwenye nchi ya watu wiki tatu, hakuna klabu iliyomjua. Alirudi, mpira hakuugusa tena, na baba yake hadi leo ni mpangaji.

Klabu inayokutaka huandika barua kwa klabu yako, na inalipa yenyewe. Tena FIFA hairuhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Wengi wenu hamjafika hata 17.

Jumamosi saa kumi nitakuwa uwanjani na miwani yangu. Aliyepewa karatasi yoyote asaini, aje nayo kabla hajasaini, na mama yake aje.

Babu yenu,
Kocha mstaafu wa mchangani