Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Inhela na Uvumi

Ndugu wanachama,

Hesabu mtazipata kwa mweka hazina. Michango ilisuasua tangu Juni baridi ilipoanza, kama kawaida yetu. Mimi nazungumzia jambo lililokula vikao vitatu vya chama chetu cha watumiaji wa inhela hapa Kayole, Nairobi: eti inhela ya steroidi, kile kifaa cha kuvuta dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, inaleta saratani ya mapafu?

Uvumi uliingia kwa simu. Mama mmoja wa Dandora akaiacha inhela kabatini. Julai akaja kikaoni akihema, ngazi zimemshinda. Hatujapumua, mzee mwingine akaja na kinyume chake: inhela hiyohiyo hukinga saratani, kwa hiyo yeye ameongeza dozi.

La mzee lina asili. Mwaka 2007 utafiti wa wanajeshi wastaafu wa Marekani wenye COPD, ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, ulionyesha kuwa waliotumia dozi kubwa walipata saratani ya mapafu kwa uchache. Shida ya tafiti nyingi za aina hii ni hesabu ya siku. Ili uandikwe mtumiaji wa muda mrefu, lazima kwanza uishi bila saratani hadi uchukue dawa mara kadhaa, na sifa za siku hizo za kungoja hupewa dawa. Ni sawa na kudai kadi ya miaka ishirini ya chama hiki hurefusha maisha. Aliyefariki mwaka wa pili angeipataje? Watafiti wa Kanada walipoirekebisha hesabu hiyo mwaka 2020, kinga haikuonekana. Wala ongezeko la saratani halikuonekana, mama wa Dandora asikie.

Cha kuogopa ni nimonia. Katika jaribio la TORCH la miaka mitatu, lililochapishwa 2007, iliwapata takriban 20 kati ya kila wagonjwa 100 waliovuta steroidi pamoja na dawa ya kutanua njia za hewa, na 12 kati ya kila 100 waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na nguvu yoyote. Ndiyo maana daktari huuliza kama umewahi kuugua TB, na huangalia kipimo cha damu kabla ya kukuandikia. Saratani mshuku sigara, si inhela.

Kamati imeazimia: asiache wala kuzidisha mtu dawa bila daktari, na kila avutaye steroidi asukutue mdomo na kutema maji.

Kikao kijacho njooni na inhela zenu, muuguzi atazame mnavyovuta. Mimi aliniumbua: miaka sita nimekuwa nikipuliza nje.

Mwenyekiti